Nyumba ni ya Mwana, Mzee Akae Wapi?

Msomaji wetu wa Mombasa, Lamu au Malindi akisikia jina la Sigor huenda akauliza: ipi? Maana ziko mbili. Moja iko Pokot Magharibi, chini ya milima ya Cherangani, na hiyo siyo tunayoizungumza leo. Yetu ni ile ya Chepalungu, katika kaunti ya Bomet, nchi ya Wakipsigis, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho. Ukishuka kutoka Kericho utapita mashamba makubwa ya chai, kisha vijishamba vya wenyeji wanaochuma chai yao wenyewe, kisha chai itaanza kuadimika. Kufika Sigor utakuta mahindi na ng'ombe wa maziwa zaidi kuliko majani ya chai.

Ukurasa huu wa mila na desturi una lipi la kutafuta huko, mbali na bahari? Lipo jambo moja, na jambo hilo halina bara wala pwani. Wazee wa Sigor, kama wazee wa Kibokoni na Mkomani, wanataka kuwapa watoto wao mali wakiwa wangali hai, na hapo hapo wanataka kuendelea kulala chini ya paa lile lile mpaka siku ya kufa. Ni haja ya haki kabisa. Lakini namna inavyotimizwa hivi leo, huko na huku kwetu, ni ya hatari, nasi twaona ni wajibu kusema wazi.

Tumchukue mzee mmoja wa Sigor. Hatumtaji jina kwa kuwa si mtu mmoja, ni wengi. Ana ekari tano, nyumba ya mabati, mke, mabinti watatu walioolewa na wana wawili. Mwana mkubwa ana kazi mjini. Kitinda mimba ndiye aliyebaki nyumbani, ndiye anayekamua ng'ombe na kumpeleka mzee hospitali. Mzee amesikia kwamba kesi za urithi ni ndefu na hula pesa, na amewaona jirani zake wakigombana kaburi likiwa bado bichi. Akaamua: ya nini kungoja? Akaenda na mwanawe mbele ya bodi ya ardhi. Mama akaulizwa, akakubali. Watoto wakaulizwa, wakatikisa vichwa. Karatasi zikatiwa sahihi, zikapelekwa afisi ya ardhi, hati mpya ikatoka kwa jina la kijana.

Usiku ule mzee alirudi akalala kitanda kile kile, akaona hapana lililobadilika. Kumbe amelala katika nyumba ya mtu.

Hatusemi kwamba vijana wa siku hizi ni wabaya. Hayo ni maneno ya barazani. Tuseme huyu wa Sigor ni mwema kama walivyo wengi. Miaka mitatu baadaye achukua mkopo benki kwa hati ile ile, kwa nia safi kabisa, anunue ng'ombe wa kisasa au gari la kubebea maziwa. Mwaka unakuwa mbaya, malipo yanachelewa, na dalali anafika na karatasi yake. Dalali hamjui mzee. Benki haimjui mzee. Wote wanalijua jina lililo katika hati, na katika hati hapana hata mstari mmoja unaosema kwamba ndani ya nyumba hiyo anaishi bwana wa miaka 78 aliyeijenga kwa mikono yake.

Zamani mambo hayakuwa hivyo, wala hapakuhitajika karatasi. Kwa Wakipsigis, neno nyumba halikuwa kuta na paa. Nyumba ilikuwa ya mama. Mwenye wake wawili alikuwa na nyumba mbili, kila moja na ng'ombe wake na sehemu yake ya kulima, na wana wa nyumba hii hawakugusa cha nyumba ile. Nguvu ya jambo hilo ilikuwa kubwa hata bibi asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kumlipia mahari mwanamke mwingine, azae kwa jina la nyumba hiyo isizimike. Sisi Waislamu hatuna mila hiyo wala hatuwezi kuifuata, lakini inatuonyesha jinsi watu hao walivyoihesabu nyumba kuwa kitu chenye haki zake. Na kitinda mimba ndiye aliyebaki na mama mpaka mwisho, akarithi boma. Kubaki huko kulikuwa deni kabla ya kuwa faida. Akimfukuza mzazi hakuwa na mahali pa kuelekeza uso wake.

Kisha ikaja hati. Wakipsigis walianza kuzungushia mashamba yao nyua mapema kuliko makabila mengi, lakini ni Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 iliyoweka nguvu zote katika jina moja. Aliyeandikwa ndiye mwenyewe. Mila ikabaki nje ya mlango. Mfano maarufu umo katika vitabu vya sheria vya mwaka 1973, kesi ya Esiroyo na Esiroyo. Baba alikuwa ameandikwa kuwa mwenye shamba, akataka wanawe watoke. Wana wakasema kwa mila ya kwao wana haki ya kukaa hapo. Mahakama ikasema haki za mila zilikwisha siku ardhi iliposajiliwa. Baba akashinda.

Wazee wengi wakiisikia hukumu hiyo hufurahi, ati mzee alipewa heshima yake. Hawaigeuzi upande wa pili. Kisu kilichomkata mwana kikiwa mkononi mwa baba, kesho kitamkata baba kikiwa mkononi mwa mwana. Hati haina umri wala haina ukoo.

Si majaji wote walioipenda njia hiyo. Wengine walishikilia kwamba aliyeandikwa aweza kuwa mdhamini wa nduguze, na mabishano yakaendelea miaka mingi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya M'Inanga Kiebia na M'Lintari iliyotoka Meru, ilikata maneno: dhamana ya mila inatambuliwa na sheria, na humfunga mwenye hati hata kama haikuandikwa. Ni hukumu nzuri nasi twaishukuru. Lakini msomaji aisome kwa makini. Anayedai ni lazima athibitishe kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ya ukoo kabla ya kusajiliwa. Mzee wa Sigor aliyenunua ekari zake tano kwa pesa za mahindi, akazitoa mwenyewe mbele ya bodi, atathibitisha nini? Na hata akiweza, ni miaka mingapi ya mahakama, kwa nauli ya nani?

Kuna jambo jingine ambalo halikutangazwa sana. Sheria ile ya 1963 ilikuwa na kifungu kimoja kilichomlinda mtu anayekaa juu ya ardhi kwa haki yake. Mnunuzi alipaswa kumwuliza aliyemo ndani: wewe umekaa hapa kwa haki gani? Asipouliza, haki ya mkaaji ilimfunga. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilipoorodhesha haki zinazoifunga hati bila kuandikwa, ilitaja dhamana za mila, njia za kupita na nyinginezo, lakini kifungu hicho cha mkaaji haikukirudia. Kwa hiyo mzee anayesema "mimi nimo ndani, nani atanitoa?" anategemea ukuta uliokwisha kubomolewa.

Haya basi, na sisi wa pwani? Tusijione tuko salama kwa kuwa tuna kadhi.

Kwa kweli watu wa pwani walipaswa kulielewa jambo hili kuliko wote, kwa maana tangu hapo tunajua kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili. Huko Majengo, Mombasa, nyumba ni ya huyu na ardhi iliyo chini yake ni ya yule, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja: nyumba bila ardhi, twaiita. Mtu wa bara hushangaa akielezwa. Lamu nako, katika nyumba za mawe, baba alimpa bintiye nyumba anapoolewa, na kama hapakuwa na kiwanja alimjengea ghorofa juu ya yake. Mume ndiye aliyehamia. Kwa hivyo mama mzazi hakuondoka, binti alipewa na wazee wakabaki, na ngazi ikawa ndiyo mpaka. Hata katika nchi ya chai wafanyakazi wa mashamba makubwa wanaijua tofauti ya kukaa na kumiliki kuliko mawakili wengi: nyumba ya kambi ni ya kampuni, na siku kazi ikiisha unafunga virago.

Lakini kujua ni kitu kimoja na kufuata ni kingine. Hapa kwetu mama mjane aandikisha nyumba kwa jina la mwanawe aliye Dubai, kwa kuwa ndiye aliyetuma pesa za bati. Baba aandikisha kwa jina la kijana mmoja ili wengine wasisumbue. Tukiuliza, twaambiwa: "Ni hiba, dini imeruhusu." Ni kweli imeruhusu. Je, imeruhusu namna hiyo?

Katika madhehebu yetu ya Shafi hiba haitimii kwa maneno wala kwa karatasi. Inataka kabdhi, yaani aliyepewa akamate alichopewa. Neno letu kukabidhi latokana na neno hilo hilo. Dalili inayosomeshwa vyuoni ni ile ya Sayyidna Abubakar, aliyempa bintiye Bibi Aisha tende za wasaki ishirini kutoka shamba lake. Alipofikwa na mauti alimwambia kwamba lau angalizivuna na kuzichukua zingalikuwa zake, lakini kwa kuwa hakufanya hivyo, siku hiyo zilikwisha kuwa mali ya warithi. Huyo ni Abubakar, na huyo ni Aisha. Hapakuwa na shaka ya mapenzi wala ya uaminifu. Pamoja na hayo kilichotazamwa ni kabdhi.

Sasa mzee anayetoa nyumba kwa mdomo huku vyombo vyake vimo ndani na ufunguo uko kiunoni mwake, amekabidhi nini? Akifa, ndugu waliokosa watakwenda kwa kadhi waseme hiba haikutimia, na huenda wakasikilizwa. Nyumba ikarudi katika mirathi. Pengine atakuwa alishabadilisha jina la hati, na hapo pana mahakama mbili na sheria mbili zikivutana juu ya kuta zile zile: mirathi kwa kadhi, hati kwa mahakama ya ardhi. Mawakili watakula, watoto hawatasemezana.

Na sharti la kwamba "nimekupa, ila nitakaa mpaka nife"? Wanavyuoni wamehitalifiana. Sahaba Jabir alimwuzia Mtume (S.A.W.) ngamia wake safarini, akaruhusiwa kuendelea kumpanda mpaka Madina. Wa madhehebu ya Hanbali wamechukua hapo kwamba mtu aweza kutoa mali akajizuilia manfaa yake kwa muda unaojulikana. Wa Shafi hawakukubali kulifanya hilo kuwa sharti ndani ya mkataba. Tunalieleza ili msomaji asije akadhani ameruhusiwa kwa kuwa amesikia khatibu mmoja katika kanda. Haya yetu ni maelezo ya gazeti, si fatwa. Mwenye jambo lake amwendee kadhi kabla ya kwenda kwa wakili, asiende baada.

Liko na lile la Nuuman bin Bashir, ambalo hatuwezi kulipita. Baba yake alimpa kitu, mama yake akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi. Mtume akamwuliza baba kama watoto wake wote amewapa mfano wa hicho. Akasema la. Mtume akamtaka amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Twasema hili kwa sababu tunajua, nanyi mnajua, kwamba nyumba nyingi zinazotolewa "hiba" hazitolewi kwa mapenzi. Zinatolewa ili mabinti wasipate fungu lao. Na Sigor ni vivyo hivyo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, haibagui mtoto wa kike na wa kiume kwa wasio Waislamu, na Katiba ya 2010 ikakaza fundo. Basi wazee wanaotaka shamba libaki kwa wanaume wamegundua mlango wa nyuma: gawa kabla ya kufa. Wanajihadhari na mabinti mpaka wanasahau kujihadhari wenyewe. Na mara nyingi, mzee akitolewa nje, ni binti yule yule aliyenyimwa atakayemfungulia mlango.

Tumesema juu ya mkopo. Tuseme sasa juu ya kifo, kwa kuwa wazee hupiga hesabu kama kwamba watoto hawafi kabla yao.

Chukua baba Mwislamu wa Old Town aliyempa mwanawe nyumba, akakabidhi sawasawa, hati ikabadilishwa. Mwana akafa kwa ajali, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume, baba na mama. Nyumba sasa ni mirathi ya marehemu. Mke ana thumuni. Baba ana sudusi, mama ana sudusi, kilichobaki ni cha mtoto. Ukiigawa nyumba mafungu 24, mke ana 3, baba ana 4, mama ana 4, mtoto ana 13. Mzee aliyekuwa na nyumba nzima sasa ana mafungu 4 ndani yake, na mshirika wake mkubwa ni mjukuu anayenyonya, ambaye mali yake haichezewi. Mkwe akitaka fungu lake liuzwe, nani atamlaumu? Ni haki yake.

Mzee wa Sigor asiye Mwislamu yuko pabaya zaidi. Mwanawe akifa na kuacha mke na watoto, Sheria ya Urithi haimpi baba kitu kama mrithi. Mjane ndiye anayepata haki ya kukaa na kutumia mali ile maisha yake yote, nayo baadaye iende kwa watoto. Hata kuuza ardhi hawezi bila idhini ya mahakama. Mzee aweza kuomba mahakamani kama tegemezi, akithibitisha kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akimlisha. Tazama basi ajabu yake: sheria imemwandikia mkwe haki ya maisha ndani ya nyumba ile, wakati mwenye kuijenga hakukumbuka kujiandikia hiyo hiyo.

Kujiandikia kunawezekana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kama ile ya 1963 iliyotangulia, inaruhusu mwenye ardhi kuikodisha kwa muda maalumu, au kwa maisha ya anayekodi. Maana yake mzee aweza kumhamishia mwana shamba, na siku hiyo hiyo mwana akamkodisha mzee nyumba na kiwanja chake kwa maisha ya mzee na ya mama, kwa kodi ya shilingi chache kwa mwaka. Mkataba huo ukaandikishwa juu ya hati. Tunasisitiza uandikishwe, kwa sababu ukodishaji wa zaidi ya miaka miwili usioandikishwa hauifungi hati. Ukiandikishwa, benki itauona kabla ya kutoa hata shilingi moja, na mnunuzi atauona. Kwa kuwa ni shamba la kilimo, bodi ya ardhi lazima iuidhinishe pia, kama inavyoidhinisha uhamisho wenyewe. Tangu sheria ya 1967, mapatano ya shamba yasiyopata idhini ni batili, na maombi yanatakiwa ndani ya miezi sita. Kwa nini basi mtu aende mbele ya bodi na karatasi moja, na angeweza kwenda na mbili?

Kwa Mwislamu, ijara inataka muda unaojulikana, na maisha ya mtu hayajulikani. Twaona tiba yake si ngumu. Akabidhi kwanza, atoke kweli, hata kama ni kwenda kukaa kwa binti siku kadhaa na ufunguo kuwa mkononi mwa mwana. Kisha mwana amkodishe kwa miaka inayotajwa. Mzee wa miaka 70 akiandikiwa miaka 40, hapana atakayelalamika kwamba ni michache. Lakini iwe mikataba miwili, mmoja usiwe sharti la mwingine, na kadhi autazame.

Wazungu nao wamehangaika na jambo hili. Wakulima wa Ujerumani, wakimpa mwana shamba, huandika katika mkataba chumba cha wazee, na zamani waliorodhesha hata kuni na maziwa watakayopewa, na haki hiyo huingizwa katika daftari la ardhi. Hawakuona haya kuandikiana na mtoto. Ufaransa wana desturi ya kuuza nyumba huku mwuzaji akibaki ndani na kulipwa kila mwezi mpaka afe. Mwaka 1965, katika mji wa Arles, wakili mmoja alipatana hivyo na Bibi Jeanne Calment, aliyekuwa na miaka 90: faranga 2,500 kwa mwezi. Wakili akalipa miaka 30, akafa mwaka 1995 bila kulala humo hata usiku mmoja. Mjane wake akaendelea kulipa. Bibi Calment alifariki mwaka 1997, na umri wa miaka 122. Masheikh wetu wangeliita hilo gharari, na wangekuwa na haki. Lakini bibi yule, angalau, hakulala hata siku moja akihofu mlango kugongwa.

Zipo njia nyingine. Mzee aweza kubaki na sehemu yake katika hati, awe mshirika wa mwanawe kwa mafungu yanayotajwa. Umiliki wa pamoja, ule ambao mmoja akifa mwenziwe huchukua chote, tangu 2012 haupatikani ila kwa mume na mke, isipokuwa mahakama iruhusu. Wakala akikuahidi vingine, mkimbie. Mama naye asisahau kwamba nyumba ya ndoa, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, haitolewi hiba bila ridhaa yake. Sheria hiyo inamwachia Mwislamu nafasi ya kufuata sharia yake, kwa hivyo mke Mwislamu aulize mapema amesimama wapi.

Na iko njia ya kutotoa. Kama si kwa haja kubwa, hii ndiyo tunayoipenda sisi. Nyumba ibaki kwa jina la mzee, mwana alime, akae, ajenge kando. Siku ya siku mirathi itafuata njia yake. Kesi za urithi ni ndefu, hatukatai, lakini mara nyingi urefu wake hutokana na watu waliotaka kuukimbia urithi kwa hila, hila zikafumuka. Anayetaka mwana aliyemtunza apate zaidi, kuna mshahara wa utunzaji, kuna ng'ombe, kuna mavuno. Kwa Mwislamu wosia hauendi kwa mrithi ila warithi wenzake waridhie. Basi awaulize angali hai, mdomo wake ukiwa bado unasikilizwa.

Tuna ombi moja kwa bodi za ardhi, za Bomet na za Kilifi na Kwale vile vile. Bodi hizi zimezoea kumwuliza mke na watoto wazima kama wameridhika shamba litolewe. Ni desturi njema, imeokoa wengi. Iongezwe swali moja, aulizwe mtoaji mwenyewe: mzee, kuanzia leo utakaa wapi, na karatasi yake iko wapi? Aulizwe mbele ya mkewe, mabinti zake na kijana anayepewa. Jibu liandikwe katika kumbukumbu za siku hiyo, na kama karatasi haipo, faili iwekwe kando mpaka kikao kijacho. Kijana mwema hatakosa kitu kwa kungoja mwezi mmoja. Mawakili wanaoandika uhamisho wa nyumba za mjini, ambazo haziendi mbele ya bodi yoyote, nao waulize swali hilo hilo kabla ya kutoa kalamu, na wamwulize mzee akiwa peke yake chumbani, mwanawe akiwa amesubiri nje.